Kamba yenye Urefu wa Esta

Siku tulipomaliza kilio cha Mama Sifa, binti zake walitandika mkeka mbele ya nyumba na kutoa nguo zake zote nje ili zigawanywe kwa ndugu, kama inavyofanyika kwetu hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Waliniita mimi nizipange. Nimeuza nguo za mitumba kwa zaidi ya miaka ishirini, na marehemu ndiye aliyenifundisha kazi hiyo, kwa hiyo walidhani nitajua kitenge kipi kimfae dada yake na koti lipi limfae mkwe. Nilipiga magoti nikaanza kukunja. Harufu iliyotoka kwenye nguo zile ilikuwa ile ya dawa inayotiwa ndani ya mitumba ili wadudu wasiile. Miaka yote nilidhani ni harufu ya depo, yaani ghala lake la mitumba, kumbe ilikuwa pia harufu yake. Ilibidi nisimame kidogo, nijifanye natafuta pini. Nyuma yangu wanawake walikuwa wakichambua mchele, na katikati yao alikaa mdogo wangu Esta, aliyeshuka asubuhi hiyo kutoka Fizi anakofundisha shule.

“Yaya,” aliniita, maana kwetu mdogo humwita hivyo mkubwa wake, “ile kamba uliipelekaka wapi?”

“Kamba gani?” akauliza mmoja wa wanawake.

“Kamba yangu. Yaya alikuwaka na kamba yangu.”

Akacheka. Wengine wakacheka naye kwa adabu bila kuelewa, na mimi nikaendelea kukunja kama mtu asiyesikia. Tangu siku ile nimekuwa nikimjibu kichwani, nikiwa dukani kati ya mteja mmoja na mwingine. Naona heri jibu hilo niliandike.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na Esta alikuwa na minane. Habari za wazazi wetu na namna walivyoondoka sitazieleza hapa. Inatosha kujua kwamba wa mwisho kuondoka alikuwa mama, na kwamba hatukuwa tumemaliza miaka miwili tangu turudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Kiswahili hiki ninachoandika nilikileta kutoka huko. Hapa Baraka kilinifanya nichekwe sokoni kila nilipofungua kinywa. Kilio cha mama kilipoisha, mkeka ulitandikwa vivyo hivyo, na vitenge vyake vikagawanywa kimoja kimoja. Vilipokwisha, wakubwa wa upande wa baba hawakuinuka. Walikuwa bado na kitu kimoja cha kugawa.

“Huyu mukubwa anaweza kutumika,” alisema baba mdogo, akinionyesha kwa kidevu. “Lakini huyu mutoto atalala wapi?”

“Atalala na mimi,” nilisema.

“Na weye utalala wapi?”

Chumba tulichokaa na mama kilikuwa cha kupanga, na mwenye nyumba alikuwa amesimama pale pale akingoja tumalize aweke mtu mwingine. Ndipo shangazi yetu, dada yake baba, aliyekuwa amevuka ziwa kutoka Ubwari kuja kulia, akajifuta uso kwa kitenge alichopewa dakika chache kabla. Kilikuwa kitenge cha mama cha Pasaka.

“Nitaenda naye,” alisema. “Kwangu iko samaki, iko batoto benzake. Na weye Faida, usinitolee macho. Siku utakuwa na mulango yako, mulango yenye we mwenyewe unafunga na unafungua, tutaongea.”

Wengine walisikia maneno ya kumtuliza msichana. Mimi nilisikia ahadi. Nikaichukua neno kwa neno, na mwaka mzima sikuiweka chini.

Ufukweni, wakati boti la Ubwari likipakiwa, niliokota kipande cha kamba ya nyavu kwenye mchanga. Nikamsimamisha Esta wima, nikaivuta kamba kutoka begani kwake hadi chini ya goti, nikapiga fundo huku na fundo huku, kisha nikakata kwa meno. Aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia nampima ili nimnunulie nguo.

“Utaninunulia robe?” Kwetu gauni huitwa robe.

“Nyingi.”

“Ya manjano?”

“Ya manjano pia.”

Alipanda botini akiwa na furaha kwa sababu ya robe. Mimi niliizungusha kamba kwenye mkono wangu, nikaifunga, nikaenda kutafuta kazi.

Mama Sifa alikuwa na depo ya mbao nyuma ya soko, na mbele yake kibanda cha kuuzia. Mafurushi makubwa ya nguo, tunayoyaita balo, yalimfikia kwa lori kutoka Uvira au kwa boti kutoka Kigoma, yamebanwa kwa mikanda hadi yamekuwa magumu kama mawe. Siku ya kufungua ilijulikana tangu juzi yake. Wanawake walikuja mapema, wakasimama nje kwa kusukumana, maana anayeshika nguo kwanza ndiye mwenyewe hata kama hajalipa, na hakuna ruhusa ya kumnyang'anya.

“Mama Sifa, fungula basi, jua inatuunguza!”

“Mungoje. Hakuna muntu alikufaka juu ya kukosa robe.”

“Mi nitakufa leo, utanizika na hiyo balo yako!”

“Nitakuzika na soksi. Robe nitauzisha.”

Kisha mkasi wake mkubwa ulikata mkanda, balo likapumua na kufura kama unga wa mandazi, na mikono yote ikaingia. Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati na kuzuia nguo zisichanike. Walinicheka. “Mutanzania, sema tena ‘tafadhali’!” Nilisema tafadhali, wakaangua kicheko, wakaendelea kuvuta. Baada ya dakika chache nguo nzuri zilikuwa zimekwisha, na zilizobaki nilizitundika, na za mwisho kabisa nikazimwaga chini kwenye turubai. Baada ya miezi michache nilijifunza kitu kilichofanya wasinicheke sana: nilikuwa na jicho la saizi. Wengine walizungusha kiuno cha suruali shingoni mwa mteja, na ikifika nyuma ya shingo basi itamtosha. Mimi sikuhitaji shingo. Mtu alisimama mbele yangu, nikageuka, nikavuta nguo moja katika mia, na ikamkaa. Mama Sifa alianza kujivuna nami mbele ya majirani. “Huyu mutoto ana metre mu macho,” aliwaambia, akimaanisha utepe wa kupimia.

Nililala ndani ya depo ile, juu ya mabalo mawili yaliyopangwa pamoja, na jamvi juu yake. Chumba hakikuwa na dirisha. Mwanga uliingia kwa nyufa za mbao, na mchana wa Jumapili niliweza kuuona mstari mmoja wa jua ukitembea polepole juu ya makoti ya nchi za baridi, makoti ambayo hakuna mtu wa Baraka angeyavaa, ni watu wa milimani tu. Chakula nilikula kwa Mama Sifa. Bugali wa muhogo, sombe ya majani yake, ndagala ambao ni dagaa wetu, siku nzuri samaki mukeke. Aliniita kila siku bila kukosa na binti zake walinisogezea maji ya kunawa, lakini mimi nilikaa pembeni karibu na mlango, na nilikula haraka, kama mtu anayesubiriwa mahali. Hakuna aliyenisubiri. Siku moja nikiwa nimeshaondoka mezani na kupita nyuma ya nyumba, nilimsikia Mama Sifa akiongea na jirani yake jikoni.

“Ule mutoto anaongea na nguo,” alisema.

“Anaziambia nini?”

“Sijui. Anashika karobe kadogo, anakaambia ‘simama vizuri.’”

“Maskini. Umutafutie bwana.”

“Bwana wa nini? Anatafuta mutoto, hatafute bwana.”

Nilisimama pale nyuma ya ukuta wa udongo mpaka walipogeukia habari ya bei ya mafuta ya mawese. Sikujua kwamba nilikuwa nikisema kwa sauti.

Jumapili baada ya ibada nilitembea madukani. Nimewahi kuwaambia watu hili wakadhani nilikuwa na tamaa ya vitu, lakini haikuwa tamaa. Nilianzia kwenye vibanda vya mitumba vya wengine, nikagusa, nikageuza, nikasoma lebo za nchi nisizozijua. Kisha nikapanda barabara kubwa kwenye maduka ya saruji yenye vitu vipya, sahani za maua, mikoba, viatu vya watoto vinavyowaka taa kisiginoni. Niliingia na kutoka. Mwenye duka aliuliza, “Unatafuta nini?” na mimi nikajibu, “Naangalia.” Nililipenda sana neno hilo. Kanisani watu waliniuliza ninakaa na nani, kisimani waliniuliza wazazi wangu wako wapi, lakini dukani, ukisema naangalia, unaruhusiwa kusimama kati ya watu muda mrefu bila kuwa wa mtu yeyote. Hata leo msichana akiingia kwangu peke yake na kugusa nguo moja moja bila kununua, simfukuzi. Namwachia nafasi.

Malipo yangu yalikuwa na sehemu moja niliyoiomba mwenyewe. Kila balo la nguo za watoto lilipofunguliwa, kabla wanawake hawajaingiza mikono, Mama Sifa aliniruhusu nichague nguo moja. Nilitoa kamba mkononi, nikaishikilia begani mwa nguo, na fundo la pili lilipogusa pindo niliichukua. Sikuchukua iliyozidi wala iliyopungua. Niliifua, nikaikunja, nikaiweka ndani ya katoni ya sabuni chini ya jamvi langu. Sketi ya mistari. Sweta yenye kifungo kimoja cha mbao. Gauni jeupe la kanisani lenye doa dogo ambalo nilililoweka kwa ndimu na jua mpaka likaondoka. Na mwezi wa nne wa kazi, robe ya manjano, ya manjano kabisa, yenye mfuko mbele na mshono wa majani ya kijani. Nilipoivuta kutoka kwenye balo lile niliishikilia kifuani. Mama Sifa aliiona, akaacha mkasi.

“Hiyo tuma leo,” alisema. “Boti ya Ubwari inaondoka saa sita.”

“Naiweka, Mama.”

“Unaiweka juu ya nini?”

“Atakuja kuivaa hapa. Nikituma, batoto ba Shangazi ndio bataivaa.”

Nilijua nilichokuwa nikisema. Kwetu nguo ikiingia nyumbani kwa mtu inakuwa ya nyumba. Haina jina la mtoto. Anayeamka kwanza anaivaa, na yatima si wa kuamka kwanza. Niliona wazi robe ile ikiwa juu ya Sofi, binti mdogo wa shangazi, na Esta wangu nyuma yake na shati lililochanika, na picha hiyo sikuweza kuivumilia.

“Bavae,” Mama Sifa alisema. “Bavae wote, ikatike. Lakini ule siku boti itafika, mutoto atasikia banasema: hii imetoka kwa dada yake. Hiyo maneno hakuna mwenzake atamuvua.”

“Naiweka,” nilisema tena.

Alichukua mkasi wake. “Sawa. Kichwa yako iko kama hii mikanda.”

Wengi wananisifu leo kwa kushika jambo nisiliache. Pasta alilisema hata kwenye mazishi ya Mama Sifa, kwamba Faida ni mtu wa kusimama imara. Nasikia sifa hiyo nakumbuka katoni ya sabuni. Kushika kwangu kulikuwa ni kushika kweli, lakini nilichoshika kilikuwa kamba.

Kuna aliyejaribu kunifumbua macho, na nilimkasirikia. Katika mwaka ule njia ya mlimani ilikuwa salama, na siku ya soko watu wa Bibokoboko waliteremka na maharagwe na maziwa ya mgando. Wauzaji wengine walinong'ona walipopita, kwa sababu ya mambo ya zamani ambayo kila upande unayahesabu kivyake, lakini Mama Sifa alikuwa na makoti ya baridi na wao ndio walioyahitaji, kwa hiyo kwake walikaribishwa kwa kiti. Mama mmoja mrefu, mwenye kitambaa cha bluu kichwani, alikuja kila mwezi. Hakuleta watoto wake wanne, njia ni ndefu mno. Alileta kamba moja yenye mafundo manne, kila fundo urefu wa mtoto mmoja. Nilimpenda kwa kamba ile. Nilidhani mimi na yeye tuko sawa. Siku moja alipokuwa akipima sweta aliiona yangu mkononi.

“Na hiyo ni ya nani?”

“Ya mdogo wangu. Yuko Ubwari.”

“Uliipima lini?”

“Tulipomzika mama. Ni miezi saba.”

Aliangalia kamba, akaniangalia mimi. Nilimwona akichagua maneno, maana Kiswahili chake kilikuwa cha soko tu. “Mimi nafungula mafundo kila mwezi,” alisema. “Batoto bote banakomea, banakuwa barefu. Sasa huyu wako mbona hakomee? Alikufa?”

“Hakufa!” nilisema, kwa sauti iliyofanya watu wageuke.

“Pole, mwanangu. Mi nauliza tu.”

Nilimfungia sweta zake. Tangu siku hiyo niliihamisha kamba kutoka mkononi nikaivaa kiunoni, chini ya nguo, mahali ambapo hakuna mtu angeiuliza. Ningeweza kumtazama binti wa mwisho wa Mama Sifa, aliyekuwa rika moja na Esta, na aliyekuwa ameshahama saizi mbele ya macho yangu haya ya kujivunia. Nilimchagulia nguo mwenyewe. Nilijua saizi ya kila mtoto wa sokoni. Lakini Esta hakuwa mtoto wa sokoni. Nilikuwa nimemwacha ufukweni amesimama wima, na kichwani mwangu alikuwa bado amesimama pale pale, ananingoja nimalize kupima.

Kabla ya mwaka kuisha Mama Sifa alinichukua kwenda Bujumbura kuchagua balo. Alipokuwa akibishana na wenye depo, mimi nilitoka nikaenda kuona mji, na miguu ikanipeleka kwenye jengo la maduka la ghorofa tatu. Sikuwa nimewahi kuona sakafu inayong'aa vile. Niliogopa kuikanyaga. Watu walitembea wakinywa soda, wawili wawili, familia nzima, wakisimama na kucheka mbele ya vioo, na muziki ulitoka darini. Nilitembea peke yangu mlango kwa mlango, na kila mlango nilisema naangalia hata kabla ya kuulizwa. Ghorofa ya pili, ndani ya kioo, kulikuwa na sanamu ya mtoto wa kike, nyeupe, haina kichwa, imevaa gauni jipya na mkoba wa shule. Nilitoa kamba kiunoni nikaishikilia kwenye kioo. Fundo begani, fundo chini ya goti. Ilikuwa sawasawa. Nilisimama hapo sijui muda gani, paji la uso kwenye kioo, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo mwaka mzima, mpaka msichana wa duka akatoka.

“Unanunua ama unaangalia?”

“Naangalia.”

“Kuangalia hakukatazwi. Lakini unachafua kioo.”

Nilifuta kioo kwa kitenge changu nikashuka. Nikimtazama leo yule msichana mwenye kamba, nataka kumshika bega na kumwonyesha: kwa miezi kumi na moja, kitu pekee kilichotosha kamba yako ni hicho, kisicho na kichwa, kisichokula.

Mlango niliupata. Nilipanga chumba kimoja cha matofali mabichi karibu na mto Mutambala, kilikuwa na paa lakini uwazi tu mbele, na fundi alinitengenezea mlango kwa mbao za makasha. Niliweka bawaba na kufuli. Nilifunga na kufungua, nikafunga na kufungua. Kisha nikatuma neno kwa mwenye boti: mwambie Shangazi, Faida ana mlango. Nilichemsha mukeke wawili wakubwa, nikapika wali badala ya bugali, nikatandaza nguo zote juu ya kitanda, nikahesabu kumi na tano, robe ya manjano juu kabisa, mikono yake imenyooshwa kama inataka kukumbatia.

Walifika mchana wakiwa watatu, Shangazi, Sofi wa miaka saba, na msichana mmoja mrefu aliyebeba kikapu cha samaki kichwani bila kukishika. Nilimtazama yule msichana wa kikapu kama ninavyomtazama mteja. Nikasema moyoni, miaka kumi, bega pana, anahitaji urefu mpaka hapa. Kisha akaweka kikapu chini na kusema, “Yaya,” na sauti ilikuwa ya Esta.

Tulikula kwanza. Shangazi aliusifu wali, akausukuma mlango kwa mguu kuona kama bawaba zinakaza. Esta aliniangalia kwa pembe ya jicho, na kila alipotaka chumvi au maji alimwomba Shangazi, akimwita Mama. Baada ya kula nilimwonyesha kitanda. Akachukua robe ya manjano, akaivaa juu ya nguo aliyokuja nayo, akaitoa, akaivua na ile aliyokuja nayo, akajaribu tena. Ilimfika mabegani ikagoma. Nilivuta. Nilisikia uzi mmoja ukikatika chini ya kwapa. Tulijaribu sketi, ikakwama, tukajaribu gauni jeupe, likaishia juu ya magoti.

“Hizi zote zilikuwa zangu?” Esta aliuliza.

“Zote.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipoenda. Moja kila balo.”

“Na haukutuma.”

“Nilikuwekea.”

Alilivua gauni, akalikunja vizuri kabisa, kama mgeni. “Kila boti nilikuwa nashuka kwa maji kuuliza,” alisema. “Nasema: iko kitu cha Esta kutoka kwa yaya yake? Banasema: hakuna. Kisha nikaacha kushuka.”

Ningeweza kumwambia habari ya nyumba na nguo, nani huamka kwanza, lakini Sofi alikuwa pale mbele yangu, na nilikuwa nimeshaona jambo ambalo sikutaka kuliona: nguo aliyokuja nayo Esta ilikuwa nzima, na ya Sofi ndiyo iliyokuwa na kiraka.

Walikaa siku tatu. Siku ya mwisho Shangazi alikaa kizingitini, mgongo kwenye mlango wangu. “Nilisema tutaongea,” alisema. “Mulango nimeona. Ni muzuri kuliko yangu. Sitakataa. Sema, nitaacha mutoto.”

Nilijua nikisema abaki, atabaki. Esta alikuwa mtoto wa kutii. Nilimwita, nikapiga magoti ili tuwe sawa, nikaona sihitaji kupiga magoti sana. Nikamuuliza anataka kulala wapi.

Alitazama chini. “Nataka kurudi na Mama. Lakini nitakuja, yaya.”

“Basi rudi,” nilisema.

Ni maneno mawili tu, na sijawahi kusema mengine magumu kama hayo. Alikuja kweli, lakini baada ya miaka minne, alipotaka sekondari, na alilala nyuma ya mlango ule mpaka alipomaliza. Katikati ya hapo nilituma. Kila wiki boti lilipoondoka lilikuwa na kitu cha Esta, na nilikuwa nikichagua kikubwa kuliko nilivyodhani, na nani alikivaa kule sikuuliza.

Kuhusu kamba, Esta, hili hapa jibu lako. Asubuhi ile ya kuondoka nilizifunga nguo zile kumi na nne kwa kitenge kikuukuu nikampa Shangazi, na nilipokosa kitu cha kufungia niliingiza mkono kiunoni. Furushi ulilobeba wewe mapajani, kidole chako kikichezea fundo, lilifungwa kwa urefu wako wa zamani. Uliondoka nayo mwenyewe.

Ya kumi na tano haikuwamo ndani ya furushi. Esta alikuwa amemvisha Sofi robe ya manjano kabla hatujatoka nyumbani, bila kuniuliza, akamfunga ukanda wake wa nyuma na kumwambia asimame vizuri. Kwa hiyo nilisimama ufukweni nikatazama kitu nilichokiogopa mwaka mzima kikikaa mbele ya macho yangu botini, kimemtosha kabisa, mpaka chini ya goti. Mota ikawaka. Walipunga mikono. Boti liliposogea, watu wote wakawa vichwa tu, vyeusi, vya ukubwa mmoja, na mimi niliyeweza kumpima mtu yeyote kwa jicho sikuweza tena kusema mdogo wangu ni yupi. Lakini rangi ya manjano ilikuwa bado inaonekana. Niliishika kwa macho mpaka mwisho, kwa maana aliyekaa kando yake, upande wa kushoto, alikuwa Esta.